Majuto ya Kuazima

Kila kilichotolewa maksi, Starla Slone alikuwa amekifaulu. Mtihani wa kuandika alishika nafasi ya pili darasani. Kufunga mfupa uliovunjika, kuzuia damu, kumpa pumzi mtu aliyezimia, kupima presha ndani ya gari linalokwenda, yote aliyapita bila kurudia. Siku ya mtihani wa kubeba, wanaume wawili walishindwa kumteremsha ngazi jamaa mmoja mnene wa darasani mwao, Buster, aliyejifanya mgonjwa na kujilegeza makusudi huku akicheka. Starla alishika upande wa kichwani, akamwambia, "Cheka tu, nikikuachia utalia," na akamfikisha chini salama. Zilikuwa zimebaki alama za vidole tu, na hizo hazina maksi.

Mwalimu Pruitt alimwita baada ya kipindi, wenzake walipokuwa wakikunja machela. Mzee huyo alifanya kazi ya ambulensi mpaka magoti yakamkatalia, na kwa kawaida alikuwa mtu wa kupayuka. Siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini.

"Rudishia mlango kidogo. Jimbo limeleta majibu ya vidole vyako. Leseni yako ya ambulensi imezuiwa mpaka ujieleze. Uliwahi kukamatwa?"

Starla aliurudishia mlango kwanza. "Zamani. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Vidonge vya maumivu, vile vikali, havikuwa na cheti cha daktari. Lakini kumbukumbu ya kesi ilifutwa, Mwalimu. Mama alisema imefutwa."

"Haikufutwa." Pruitt alivua miwani akaifuta kwa shati. "Vilikuwa vyako?"

Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Polisi hakuliuliza, hakimu hakuliuliza, hata wakili wake hakuliuliza. Starla alitazama machela zilizopangwa ukutani.

"Havikuwa vyangu."

"Nakuamini. Sasa nisikilize vizuri, maana mimi kukuamini hakukusaidii kitu. Niliwahi kumpeleka kijana mmoja mbele ya kamati yao ya leseni. Aliiba gari. Akasimama, akasema niliiba, nilikuwa mpumbavu, naomba radhi. Wakampa leseni. Baadaye nikampeleka mama mmoja, mtu mzima. Akasema mimi sikufanya, nilisingiziwa. Wakamwambia hajakubali kosa lake, aende nyumbani akatafakari. Kamati haichunguzi kesi upya. Hukumu ipo, imeisha. Wao wanataka kukuona unajuta."

"Nijutie kitu ambacho sikukifanya?"

"Au umlete aliyekifanya. Aseme mwenyewe, mbele ya wakili. Hapo mambo yanakuwa mengine. Mtu huyo yupo?"

"Yupo," alisema Starla. "Anaendesha basi la shule."

Pruitt alivaa miwani yake. Hakuuliza jina. Katika bonde lile, madereva wa basi la shule walikuwa wachache na kila mtu aliwajua.

"Nafasi yako kule chuoni ng'ambo ya mlima nimeiombea," alisema. "Lakini unajua utaratibu. Bila leseni hii ya kwanza hupandi ambulensi. Bila mwaka wa kupanda ambulensi, chuo cha paramediki hakikufungulii mlango. Ni ngazi moja baada ya nyingine, na wewe umekwama kwenye ya chini kabisa."

Starla aliujua utaratibu huo kuliko alivyojua nyimbo za kanisani. Kwanza leseni, kisha mwaka wa kukaa nyuma ya gari na wagonjwa, halafu chuo cha paramediki, tabibu kamili wa ambulensi: kusoma mapigo ya moyo kwenye kioo, kupitisha mpira wa hewa kooni mwa mtu asiyepumua, kuchoma dawa zenyewe, kukesha wodi ya wazazi. Mwisho wake mtihani mkubwa, na jina lako linaandikwa kifuani. Alianza kuutaka mwisho huo siku baba yake alipofia kwenye sakafu ya jikoni, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe. Paramediki aliyefika alikuwa mwanamke. Alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, na kila alilofanya alimwambia mgonjwa kabla hajalifanya: sasa nakugusa shingo, Bwana Slone, sasa nakuwekea hewa, Bwana Slone. Tangu mgodi ufungwe, hakuna mtu aliyekuwa amemwita baba yake bwana.

~

Mama yake, Wilma, alikuwa jikoni akiosha vyombo, bado kavaa fulana ya kijani ya duka alikofanya kazi. Maharage na mkate wa mahindi vilikuwa mezani vimefunikwa.

"Umechelewa. Chakula kimepoa."

"Mama, ile kesi ilifutwa?"

"Kesi gani?"

"Nina kesi ngapi?"

Wilma alifungua tena bomba, ingawa sahani zilikuwa zimeisha. Maji yalimwagika bure kwenye karai. Starla alikwenda akalifunga.

"Wakili alitaka alipwe ndipo apeleke maombi ya kuifuta," Wilma alisema bila kugeuka. "Hela nilikuwa nayo, nilikuwa nimeitunza. Haki ya Mungu nilikuwa nayo. Halafu Lonnie akapata nafasi kwenye kile kituo cha matibabu, wakataka malipo ya kuanzia siku hiyohiyo, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Ningefanyaje? Kaka yako alikuwa anakufa. Wewe ulikuwa unatembea, unakula, unacheka."

"Kwa hiyo umenidanganya miaka yote hii."

"Sikukudanganya. Nilisema itafutwa."

"Ulisema imefutwa."

"Basi ulimi uliteleza."

Starla alivuta kiti akakaa. Alitaka kupiga kelele, akabaki anatazama mikono ya mama yake, ilivyovimba kwa maji na kwa kufungua maboksi ya dukani. Wilma aliketi mbele yake, akamkatia kipande cha mkate, akamsogezea, na Starla akamweleza habari ya leseni na kamati.

"Nimekuwa nikifikiri hapa," alisema Wilma. "Wanataka nini hao? Neno samahani tu? Mpe mtu samahani yake aondoke nayo. Sema ulikuwa mtoto, ulipotoka, umeshaokoka. Lia kidogo. Ukilia wewe unatia huruma, umefanana na bibi yako."

"Vilikuwa vya Lonnie, Mama."

"Usiseme hivyo humu ndani."

"Nikasemee wapi?"

"Najua vilikuwa vya nani! Nilikuwepo!" Wilma alipiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. Kisha akashusha sauti, kana kwamba majirani wamo kabatini. "Lonnie alikuwa na kesi nyingine tayari. Wangemfunga miaka. Wewe hukuwa na doa. Nilijua watakuhurumia, na walikuhurumia, hukulala jela hata siku moja. Nilifanya hesabu ya mama. Siku ukizaa utanielewa."

Alikuwepo kweli. Walikuwa watatu ndani ya gari, wametoka kununua vyakula, Lonnie kwenye usukani akiyumba. Polisi alisimamisha gari, akazikuta chupa mbili za vidonge chini ya kiti, akarudi kwenye gari lake kuzungumza na redio. Ndipo Wilma akageuka kutoka kiti cha mbele, akamshika Starla goti kwa nguvu mpaka likaacha alama, akamwambia: sema ni zako. Lonnie alikuwa anatazama dirishani. Starla alisema ni zake. Lilikuwa neno fupi, lilimalizika kabla ice cream kwenye mifuko haijayeyuka.

~

Basi la Lonnie lilikuwa kwenye yadi ya shule, milango wazi, naye ndani anafagia makombo na karatasi za peremende. Alikuwa amenenepa tangu aache vidonge. Alinyoa vizuri, alifunga shati mpaka juu, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Alipomwona dada yake aliinua ufagio kama bunduki ya kupigia saluti.

"Daktari huyo! Njoo nipime, mgongo umekufa."

"Mimi si daktari. Na kwa hali ilivyo, sitakuwa hata wa kubeba mkoba wa daktari."

Alimweleza yote, amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kifuani. Lonnie alisikiliza akiwa amesimama. Starla alipofika pale pa kukiri kwa maandishi mbele ya wakili, Lonnie aliuegemeza ufagio kwenye usukani.

"Unajua nikiandika hivyo nini kitatokea," alisema.

"Hawakufungi. Nimeuliza. Ni zamani mno."

"Hawanifungi, lakini wananitoa hapa. Dereva wa watoto aliyekuwa na dawa za kulevya, akaendesha amelewa, akamsukumia kesi mdogo wake? Watanitoa kabla ya kengele ya mchana. Nikitoka hapa, bima inatoka. Bima ikitoka, insulini ya mwanangu Paisley nitaitoa wapi? Niambie wewe uliyesoma. Mtoto wa miaka sita atakaa siku ngapi bila insulini?"

Starla alijua ni siku ngapi. Ilikuwa sura ya tisa ya kitabu chake. Paisley alikuwa kipenzi chake, na ni yeye aliyemfundisha kuchoma sindano tumboni bila kufumba macho.

"Sikusema uache kazi," alisema polepole. "Tunaweza kumuuliza wakili kama kuna njia ya..."

"Hakuna njia, Starla. Nimeifikiria hii habari kuliko wewe. Usidhani silali nayo."

"Unalala nayo kwenye kitanda chako, kaka. Mimi nalala nayo kwa Mama."

Lonnie aliona haya, akacheka ili aifiche. "Na hata hivyo," alisema, kisha akauchukua tena ufagio.

"Malizia."

"Hata hivyo hakuna aliyekushika mdomo. Ulisema mwenyewe."

Starla aliinuka. Kiti kile kidogo kilimng'ang'ania, ikabidi ajisukume kwa mikono yote miwili, na hilo nalo lilimuuma, kwamba hata kuondoka kwa heshima hakuweza. Lonnie alimfuata mpaka mlangoni, macho yamejaa machozi; alikuwa mwepesi wa kulia tangu apone.

"Nitakuombea," alisema. "Siku yenyewe nitafunga. Mke wangu Tammi naye atafunga."

"Msimnyime chakula Paisley tu," Starla alijibu, akashuka.

~

Kamati ilikaa kwenye jengo la serikali la makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa tatu kwa gari. Wilma alisisitiza kwenda naye. Alivaa gauni la maziko na Pasaka, akapaka poda nyingi, na njia nzima alikuwa akimfundisha Starla namna ya kuweka mikono. Mwalimu Pruitt alikutana nao mlangoni akiwa na koti lililombana. Alimpa Starla mkono, akasema, "Fupi na wazi. Usieleze zaidi ya unachoulizwa."

Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa wakili wa makamo, Bibi Hargis, sauti yake laini kama ya mtu anayezungumza na mtoto wa mwenzake. Kushoto alikaa daktari mwenye mvi aliyekuwa akitafuna kitu, na kulia paramediki mmoja mwenye mabega mapana, amevaa sare, jina kifuani. Starla alilitazama lile jina zaidi ya uso wa mwenyewe.

"Bi Slone," alisema mwenyekiti, "maksi zako ni nzuri sana. Mwalimu wako amekuandikia maneno ambayo sijayaona siku nyingi. Tungependa utueleze kwa maneno yako mwenyewe kilichotokea."

Starla alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Alisema vidonge vilikuwa vyake. Alisema alikuwa mdogo na amepotoka, kwamba aliwaaibisha wazazi wake na kuwahatarisha watu barabarani, na kwamba hakuna siku inayopita bila yeye kuijutia siku ile. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na liliposemwa sauti yake ilikatika bila kulazimishwa. Bibi Hargis aliandika kitu. Yule daktari aliacha kutafuna. Pruitt, aliyekaa nyuma, alikohoa kidogo kwa namna ya kuridhika, na Starla akawaza kwamba pengine Mama alisema kweli, kwamba ni neno tu.

Kisha paramediki yule aliinamia meza.

"Ahsante kwa ukweli wako, dada. Mimi naendesha ambulensi mwaka wa ishirini sasa. Ndani ya gari langu kuna sanduku lenye dawa kali kuliko zile ulizokamatwa nazo. Siku moja utabaki nalo peke yako. Kwa hiyo lazima niulize. Ulitumia kwa muda gani?"

"Kama... miaka miwili."

"Kwa siku vingapi?"

Alimwaza Lonnie. "Ilitegemea. Vinne, vitano. Mwishoni zaidi."

"Ulimeza?"

"Nilivisaga. Kwa kitako cha kikombe." Aliona kikombe chenyewe, cha bluu, chenye ufa, kwenye dirisha la bafu la nyumbani. "Nikavuta kwa pua."

Nyuma yake Wilma alivuta pumzi. Paramediki alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari ya mtaa anaoufahamu.

"Mzigo huo hauachwi kirahisi. Ulitibiwa wapi?"

Hapo mazoezi yalikuwa yameishia. Starla alifungua mdomo. Lonnie alitibiwa katika kituo kilichokuwa na kumbukumbu zake, zenye jina la Lonnie.

"Sikwenda popote," alisema. "Niliacha mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Ndiyo."

"Vidonge vitano kwa siku, miaka miwili, kwa pua. Halafu siku moja ukaacha." Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Ulitapika siku ngapi? Nani alikuuguza?"

"Mama," alisema Starla, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa Lonnie mara zote zile alizojaribu akashindwa.

Bibi Hargis aliinua macho. "Mama yako ndiye yule pale? Mama, samahani kukusumbua. Ripoti ya polisi inasema nawe ulikuwemo ndani ya gari siku ile. Kuna lolote ungependa kutuongezea? Hulazimishwi."

Wilma alisimama, mkoba wake ameukumbatia tumboni kwa mikono miwili. Starla aligeuka kumtazama. Midomo ya mama yake ilifunguka chini ya poda, na kwa muda mfupi Starla aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba Mama atasema. Hakumwomba hata kwa jicho. Alisubiri tu.

"Alikuwa mtoto mkaidi," alisema Wilma. "Alitutesa sana mimi na marehemu baba yake. Lakini tulimwombea, na Mungu ni mwema. Sasa amebadilika."

Akaketi.

~

Uamuzi walipewa siku hiyohiyo, ukumbini, na Bibi Hargis mwenyewe, kwa upole uleule. Kamati haikumkataa. Kamati ilivutiwa na ukweli wake. Ila mtu aliyetumia kiasi kile bila matibabu yoyote bado alikuwa hatari kwake mwenyewe na kwa wagonjwa, kwa hiyo ahudhurie mikutano ya waraibu kila wiki kwa miaka miwili, karatasi yake ikitiwa saini, na mkojo wake upimwe kila atakapoitwa. Baada ya hapo aombe upya.

"Baada ya miaka miwili mtihani wake utakuwa umepitwa na wakati," alisema Pruitt. "Ataanza darasa upya kabisa."

"Tunaelewa. Kama ana nia, ataanza upya."

Pruitt alimsindikiza Starla mpaka kwenye gari. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Ni mimi niliyekwambia ukiri," alisema. "Nilidhani watakomea kwenye samahani." Alimpigapiga bega na kwenda zake, akichechemea.

Walisafiri mpaka milima ikaanza. Wilma alipendekeza wasimame wale baga, akalipa yeye, akachukua na soda kubwa ambayo hakuwa na kawaida ya kuinunua. Walikula ndani ya gari, vioo vimepanda.

"Hawajasema hapana," alisema Wilma. "Wamesema bado. Hiyo ni tofauti. Miaka miwili ni nini? Itaruka tu."

"Mkaidi," alisema Starla.

"Nini?"

"Ulisema nilikuwa mkaidi. Niliwatesa."

"Sasa ningesema nini, mwanangu? Umeshawaambia ulikuwa unavuta kwa pua! Ningesema ulikuwa malaika? Wangetuona waongo sote." Wilma alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Niliogopa. Niliposimama pale niliona Paisley. Nakuapia, nilimwona kama ninavyokuona."

"Na mimi nilikuwa mbele yako, Mama. Mimi hukuniona?"

Wilma aliikunja karatasi ya baga mara nyingi mpaka ikawa ndogo kabisa, na mkono wake ukatafuta pa kuitupa, usipapate. Starla aliwasha gari. Wiki iliyofuata alihamia chumba cha kupanga juu ya duka la vipuri, na Wilma aliwaambia watu kanisani kwamba binti yake amehama ili awe karibu na kazi.

~

Mikutano ilifanyika Jumanne jioni, chini ya kanisa, katika ukumbi wa kulishia watu siku za misiba. Starla alikuwa amewahi, jua bado lipo, akakuta mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe anapanga viti kwa duara. Aliitwa Ardith, na ndiye aliyekuwa akitia saini karatasi za waliotumwa na mahakama au kamati.

"Karibu, mwanangu. Kahawa ile pale. Ni mbaya, lakini ya moto." Alichukua karatasi ya Starla, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Kisha akasimama hivyo, karatasi mkononi, kwa muda mrefu mno kwa maneno machache yaliyokuwepo. "Slone. Wewe ni wa Wilma? Mdogo wake Lonnie?"

"Ndiyo."

Ardith alitazama mlangoni, hakuna aliyeingia bado. Alimvuta Starla mpaka kwenye birika la kahawa.

"Mimi nina sheria moja humu, nami ndiye ninayeisimamia, na sasa naivunja nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Lonnie alikuwa akija hapa. Kiti kile. Na alipofika hatua ya kusema mabaya aliyowatendea watu, alisema. Alisema yote. Lile gari, zile chupa, mama yenu, wewe. Alilia mpaka tukadhani atazirai."

Starla alishika ukingo wa meza. "Mnajua?"

"Sote wa zamani tunajua. Tulisimama tukampigia makofi. Lilikuwa jambo la ujasiri."

"Makofi," alisema Starla.

"Ndiyo."

"Basi andika, Mama Ardith. Andika mstari mmoja tu uwapelekee. Sema Starla hana haja ya kuja hapa. Watakusikiliza wewe."

Uso wa Ardith ulikunjamana kama wa mtu aliyetoneshwa. "Siwezi. Kinachosemwa humu hakitoki humu. Siku nikilitoa la Lonnie, kesho nani atafungua mdomo? Wamo watoto humu, Starla, wanaishi kwa sababu wanajua hilo. Nimewazika wengine ambao hawakuliamini." Alimrudishia karatasi. "Ninachoweza ni kukutilia saini. Kaa nyuma, usiseme kitu, nitatia saini kila wiki. Hakuna atakayekuuliza."

"Wameandika lazima nishiriki. Soma chini pale. Lazima niseme."

Ardith alisoma chini pale. Watu walikuwa wameanza kuingia: mzee wa kiwanda cha mbao, wasichana wawili waliovaa sare za mgahawa, mwanamume aliyewahi kumfundisha Starla hesabu. Walipomwona, wengine walimsalimu kwa furaha ya kawaida. Wengine, wale wa zamani, walimtambua, wakatazama viatu vyao, wakakaa.

Ardith alifungua kikao kwa sala fupi, akauliza kama kuna mgeni angependa kujitambulisha. Alikiuliza chumba kizima, bila kumtazama yeyote. Starla angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, na gari lake lilikuwa karibu. Alifikiria darasa la Pruitt, lile atakaloanza upya na watu wadogo kuliko yeye, na machela zilizopangwa ukutani. Alisimama.

"Naitwa Starla," alisema. "Mimi ni mraibu wa vidonge."

Mwalimu wa hesabu alifunika uso kwa kiganja. Msichana mmoja wa mgahawa, ambaye hakujua lolote, alimtabasamia kumtia moyo. Na wale waliojua, waliokuwa wamejua miaka yote, wakainua vichwa na kuitikia pamoja na wengine, kwa sauti moja, kama desturi yao ilivyotaka:

"Karibu, Starla."